Rivera hana budi kumpisha Gibson

Wapenzi wa besiboli nchini Marekani wana swali wasilochoka kulizozania: ni mrushaji yupi wa kuaminiwa zaidi pale ubingwa unaponing'inia kwenye mpira mmoja? Wengi humtaja Mariano Rivera, mzaliwa wa Panama aliyeichezea New York Yankees. Mimi nathubutu kuwapinga, ingawa najua nitaambulia lawama.

Simdharau Rivera hata kidogo. Katika mechi 96 za mtoano alirusha jumla ya zamu 141, na mikimbio iliyohesabiwa juu yake ilikuwa 11 tu. Mwaka 2019 akawa mchezaji wa kwanza kuingizwa katika Jumba la Mashujaa bila kura hata moja kumkosa. Wanaomkosoa hukimbilia usiku ule wa Novemba 2001, Arizona ilipomponyoka na kutwaa ubingwa katika mechi ya saba. Huo si uungwana. Mtu aliyeilinda timu yake mara 42 hahukumiwi kwa usiku mmoja.

Hata hivyo, Rivera aliitwa mwishoni, kurusha zamu moja au mbili, aghalabu Yankees wakiwa tayari wanaongoza. Bob Gibson wa St. Louis Cardinals aliibeba mechi tangu mpira wa kwanza. Alianza mechi tisa za fainali, akamaliza nane kwa mkono wake mwenyewe, na akashinda saba mfululizo.

Chukua mechi ya saba ya Oktoba 1964, dhidi ya Yankees hao hao. Siku tatu kabla yake Gibson alikuwa amerusha zamu kumi, kwa hivyo alipumzika siku mbili tu. Mkono ulichoka, na kila mtu aliona. Katika zamu ya tisa wapigaji wawili waliipeleka mipira yake nje ya uwanja. Kocha Johnny Keane angeweza kumtoa, na nani angemlaumu? Alimwacha. Cardinals walishinda 7-5. Mwaka 1967 mpira uliopigwa na Roberto Clemente ulimvunja mguu mwezi wa Julai. Ilipofika Oktoba, aliwashinda Boston mara tatu.

Ni kweli kwamba mwaka 1968 alishindwa na Detroit katika mechi ya saba, baada ya kuwaondoa wapigaji wao 17 katika mechi ya kwanza. Sifichi hilo. Nimemsamehe Rivera usiku wake. Gibson naye astahili wake.

Kuna wanaomtukuza Jack Morris kwa zamu zake kumi bila kufungwa, alipoipa Minnesota ubingwa mwaka 1991. Wasisahau kwamba mwaka uliofuata, akiwa Toronto, alishindwa mechi zote mbili alizoanza katika fainali. Anayenitia wasiwasi hasa ni Madison Bumgarner wa San Francisco. Katika zamu 36 za fainali aliruhusu mkimbio mmoja pekee, na mwaka 2014, akiwa amepumzika siku mbili, alirusha zamu tano za mwisho za mechi ya saba bila kufungwa. Huyo akitajwa, sauti yangu hupungua.

Ningekuwa kocha wa mechi moja ya kufa kupona, ningempa Gibson mpira na kumweka Rivera akiba. Shida ni kwamba Gibson asingekubali kuutoa.