Mtoto anapomsemea mtu mwingine kwenye daftari

Chukua familia ya mfano, pale Kigongo wilayani Misungwi. Baba ni dereva wa lori la mizigo kati ya Mwanza na Geita. Binti yake yuko darasa la sita, na mwalimu wa Kiswahili amewapa insha ya kuandika nyumbani kuhusu daraja. Jioni, wakati chakula kiko jikoni, baba anafungua daftari. Sentensi ya kwanza inamsimamisha: "Mimi silipendi daraja hili, limeninyima riziki."

Baba anawaka. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilometa 3, lilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan Juni 19, 2025, na kwa dereva huyu hakuna jambo jema lililowahi kutokea barabarani kuliko hilo. Zamani alikuwa akikaa kwenye foleni ya kivuko saa nzima, mara nyingine zaidi, jua likiwaka au mvua ikinyesha. Sasa anavuka kwa dakika chache na kulala kwake. Anamwita mtoto.

"Nani kakufundisha kupinga maendeleo?"

Mtoto anajibu kwa sauti ndogo: "Si mimi, baba. Ni mama muuza mayai."

Hapo ndipo nyumba nyingi hupotezana. Mzazi anaposoma neno "mimi" kwenye daftari la mwanawe, anamwona mwanawe. Mtoto kaandika habari za mlevi, basi kuna mlevi anayemfuata. Kaandika baba mkali, basi baba anajiona kasemwa. Kumbe mtoto alikuwa akifanya kazi ngumu kuliko zote katika kutunga hadithi, ya kumpa nafasi mtu anayeona mambo tofauti na yeye na kumwacha aseme. Binti huyu analipenda daraja. Jumapili hupenda kwenda na wenzake kuliangalia. Ila alipokaa kuandika, alimkumbuka mama aliyekuwa akipita kati ya magari na ndoo ya mayai ya kuchemsha, akajiuliza anakula nini siku hizi.

Watu wazima nao walishawahi kuchanganya mambo haya, tena ziwani huku huku. Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi, pale pale jijini Mwanza. Mwaka 1971 akatoa riwaya ya Rosa Mistika. Kijana wa kiume, aliyelelewa na mapadri, akaingia katika maisha ya msichana anayepigwa na baba yake kwa sababu ya barua ya mvulana, na ambaye baadaye, akiwa mbali na nyumbani, anaharibikiwa. Kitabu kilizuiwa mashuleni kwa muda. Baadaye kikarudi, na wazazi wengi wa leo walikisoma wakiwa wanafunzi. Kinachouma ndani yake ni kwamba Zakaria, yule baba mwenye fimbo, kwa akili yake anamlinda binti. Kama angeandikwa kuwa shetani mtupu, mzazi mkali angesoma na kusema "huyo si mimi," akafunga kitabu.

Turudi Kigongo. Mama mtu ndiye anayeokoa jioni ile, na haokoi kwa kumtetea mtoto. Anasoma insha hadi mwisho, kisha anacheka. "Mwanangu, huyu mama hasemi hivi." Mtoto alikuwa ameandika kwamba muuza mayai "anakabiliwa na changamoto za kiuchumi". Hayo ni maneno ya taarifa ya habari. Hakuna mama mwenye ndoo kichwani anayesema anakabiliwa na changamoto. Anasema siku hizi hata trei moja haiishi.

Kosa hili ni la kawaida sana, na si la watoto peke yao. Mtu anajivika kitenge cha mwenzake, lakini akifungua mdomo anatoka mwalimu. Dawa yake haiko kwenye kamusi. Siku ya pili mama anampa binti hela ya mayai na kumtuma akanunue, akae, asikilize.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mangapi?"

Anachokuta huko hakikuwamo kwenye insha ya kwanza. Mama yule hakuwa akihesabu siku zake kwa saa. Alizihesabu kwa vivuko: MV Mwanza ikija, MV Misungwi ikiondoka, magari yakibaki. Kivuko kikichelewa, dereva analaani, abiria wanashuka kunyoosha miguu, watoto wanalia njaa, na ndoo inakwisha. Saa ile ile iliyokuwa ikimchosha baba wa binti huyu ndiyo iliyokuwa ikimlisha mama wa mayai, na wote wawili walikuwa wamesimama kwenye foleni moja.

Tena kuna jambo jingine. Mama yule ana dada ng'ambo ya Busisi, ambaye mwaka mmoja alipewa rufaa kwenda Bugando na akangoja kivuko akiwa na uchungu wa uzazi. Alifika salama, lakini dakika zile za kungoja mama wa mayai hajazisahau. Kwa hiyo akiulizwa kama daraja libomolewe, anashangaa. Libomolewe kwa nini? Yeye anataka daraja, na anataka pia mayai yake yaishe.

Mtoto anarudi nyumbani amechanganyikiwa, na hiyo ni dalili nzuri. Mtu mzima wa kweli hukaa na mawazo mawili yasiyopatana, na hadithi inayompa moja tu inakuwa imempunguza.

Mfano mkubwa wa subira hii nao umetoka Ukerewe. Aniceti Kitereza, aliyezaliwa 1896, alisomeshwa na wamisionari wa Kikatoliki na akafanya kazi nao. Mswada wake mkubwa kwa Kikerewe aliumaliza mwaka 1945. Ni habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliopendana lakini walichelewa kupata mtoto, wakasumbuliwa na ndugu na kuhangaika kwa waganga. Kitereza, mtu wa kanisa, hakuwasimamisha wahusika wake njiani ili awahubirie. Aliwaacha watambike, wapike pombe ya ndizi, wanywe dawa za mizizi, waamini walichoamini watu wa zamani zile. Kitabu kilitoka kwa Kiswahili mwaka 1980, miaka 35 baadaye, na yeye akafariki 1981.

Kuna mtego mmoja ambao wazazi wa Kanda ya Ziwa wanaweza kuukamata mapema. Mtoto akimwandika mtu wa kabila jingine au mtu wa kijijini, haraka yake huwa kumchekesha kwa lafudhi. Vichekesho vya kwenye simu vimewafundisha hivyo. Msukuma wa hadithi anakuwa mtu wa kukosea maneno tu, hana shida, hana akili, hana mama. Akiulizwa swali dogo, "huyu mtu anataka nini?", mtoto mwenyewe hugundua kwamba hajui.

Pia yapo madaftari ambayo si ya kuchekea. Mtoto akiandika mara kwa mara juu ya mtoto anayeumizwa, au anayeogopa mtu fulani akija nyumbani, inawezekana ni hadithi, na inawezekana ni njia pekee aliyopata ya kusema. Fimbo hapo hufunga mlango. Mzazi anaweza kuuliza kwa upole, "huyu kwenye hadithi, nani anajua yanayompata?", akanyamaza na kusikiliza. Akiona ni jambo la kweli, namba ya simu ya huduma kwa mtoto ni 116, na haitozwi.

Kwa binti wa Kigongo haikuwa hivyo. Aliandika upya. Baba aliposoma mara ya pili hakusema kitu kuhusu maendeleo. Aliuliza tu mbona dereva wa lori ametajwa mara moja, tena akiwa amenuna, wakati madereva ndio waliokuwa wakinunua mayai mengi kuliko abiria wa basi. Mtoto akaongeza dereva. Dereva yule alinuna bado, lakini alinunua matano na kuomba chumvi.

Jumamosi alilipeleka daftari kwa mwenye ndoo, akamsomea amesimama. Mama yule alisikiliza hadi mwisho, akifuta mikono kwenye kanga.

"Yai umeandika mia tatu," alisema. "Tangu lini? Ni mia tano."