MAMBO YA NYUMBANI: Nauli ya Noeli na Madaftari ya Januari

Kila mwaka mwezi wa Desemba twaona jambo lile lile. Watu wa mjini wanapanda kuja vijijini, na watu wa vijijini nao wanashuka kwenda kuwaona ndugu zao mjini. Mabasi yanajaa. Ni jambo jema, maana ndugu wasioonana husahauliana, na watoto yafaa wamjue baba mdogo na shangazi kwa sura, si kwa sauti ya simu tu. Lakini ukipita vijijini katikati ya Januari utasikia habari nyingine. Mtoto wa fulani hajaenda shule, hana sare. Ukiuliza kwa nini, utaambiwa, "Walisafiri Noeli."

Leo basi tuhesabu pamoja. Tuchukue familia moja ya Muleba, mkoa wa Kagera: baba, mama na watoto watatu wakubwa wa kukalia viti vyao. Wanataka kula Noeli Mwanza kwa kaka yake baba. Baba anamwambia mkewe, "Mama watoto, nauli ni shs. 30,000 kwa mtu. Watano ni shs. 150,000. Tunaweza." (Nauli hiyo ni ya mfano tu, ya kweli ulizeni kwa wenye mabasi.) Mama anajibu, "Na kurudi, baba watoto?"

Swali hilo moja limeokoa nyumba nyingi. Kwenda na kurudi ni shs. 300,000. Tena pikipiki kutoka nyumbani hadi stendi, na kutoka stendi ya Mwanza hadi kwa kaka, halafu vile vile wakati wa kurudi: safari nne za shs. 10,000, ndizo 40,000. Chakula cha njiani, mtu mmoja shs. 3,000 kila safari, ni 30,000 kwa wote kwenda na kurudi. Zawadi 50,000. Sukari, mchele na nyama ya kumsaidia mwenye nyumba, 60,000, maana vinywa vitano vinapoingia kwa siku saba, sufuria ya shemeji haitoshi. Sadaka ya sikukuu 10,000. Fedha ya kuwekwa kando, mtoto akipata homa au basi likiharibika, 50,000. Jumlisheni: shs. 540,000. Baba alikuwa na 150,000 kichwani. Safari ya kweli inazidi mara tatu na nusu ile aliyoifikiri.

Yafaa hesabu hii iandikwe kwenye daftari, si kukaa kichwani, na baba na mama waiandike wote wawili. Baba hujua nauli, lakini mama ndiye ajuaye kwamba mtoto wa pili hana viatu vya kusafiria.

Sasa fedha itoke wapi? Hapa ndipo penye hatari. Kahawa ya Kagera huchumwa zaidi katikati ya mwaka, na Desemba ikifika fedha yake imekwisha kuliwa. Basi mtu mwenye hamu ya safari anamwendea mwenye duka, naye anampa fedha kwa ahadi ya kahawa iliyo bado mbichi mtini. Watu wa kwetu huita biashara hiyo butura. Serikali imeikataza, na vyama vya ushirika vimeipigia kelele miaka mingi, lakini usiku ingali inafanyika. Tufanye mtu anapokea shs. 100,000 kwa gunia ambalo wakati wa mavuno lingempa 200,000. Amelipa shs. 100,000 nyingine kwa ajili ya siku saba za Mwanza. Na mwakani atakuwa na upungufu wa gunia hilo, kwa hiyo Desemba atauza butura tena, safari hii si kwa sikukuu bali kwa chumvi. Heri kukaa nyumbani na kula ndizi kuliko safari ya namna hiyo.

Njia iliyo nyepesi ni kuanza Julai, kahawa inapolipwa. Shs. 540,000 kwa miezi sita ni 90,000 kila mwezi. Ukingoja Novemba, ni 270,000 kwa mwezi, na hapo wengi hushindwa. Anayeweza aweke kibubu. Mwenye kikundi cha VICOBA aweke huko, lakini aulize mapema mgao wa mwisho wa mwaka utatoka juma gani. Mgao ukitoka tarehe 22 Desemba, utakuta viti vya basi vimekwisha. Fedha ya kwenye simu ni salama kuliko ya chini ya godoro, ila kumbukeni makato ya kuitoa, na mtoe kwa mkupuo mmoja, si kidogo kidogo.

Na ikiwa mwezi wa Novemba umefika na kibubu kina 300,000 tu? Si lazima wote waende. Mama na mtoto mmoja waende mwaka huu, baba na wengine mwaka ujao. Au mwandikieni kaka aje yeye Muleba. Kwetu ndizi ziko shambani, maharage yako ghalani, na nyumba haina kodi. Sijui kwa nini tumezoea kufikiri kwamba kutembea ni kwenda mjini tu.

Kuhusu zawadi, neno moja. Watu hubeba mkungu wa ndizi, basi likautoza kama mzigo, na ukifika umepondeka. Novemba na Desemba ndiyo majira ya senene. Ndoo ndogo ya senene waliokaangwa haina uzito, haiozi upesi, na mtu wa Kagera aliye ugenini ataifurahia kuliko soda kreti nzima.

Tiketi kateni mapema, ya kwenda na ya kurudi siku moja. Wengi hukata ya kwenda tu; juma la kwanza la Januari wanafunzi wote wako njiani, wao wanakwama mjini siku nne na kula fedha ya shule. Kateni ofisini kwa wenye basi au kwa wakala wao, si kwa mpiga debe stendini. Tiketi iwe na jina, tarehe, namba ya kiti na nauli uliyolipa. Nauli za mabasi zina kikomo kinachowekwa na LATRA. Ukitozwa zaidi, tiketi hiyo ndiyo ushahidi wako. Kwa wasafiri wa njia ya Geita, daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilometa 3, lilifunguliwa Juni 2025. Zamani watu walingojea pantoni wakinunua samaki na chai; fedha hiyo sasa inabaki mfukoni.

Wanaokwenda kwa maji wasitafute chombo cha bei ndogo kilichojaa pomoni. MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza tarehe 21 Mei 1996 ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa mamia. MV Nyerere ilipinduka karibu na Ukara tarehe 20 Septemba 2018, wakafa zaidi ya 200. Mkiona chombo kimejaa, shukeni, hata kama nauli hairudishwi.

Limebaki jambo la Januari. Tangu mwaka 2016 hatulipi ada hadi kidato cha nne katika shule za serikali, lakini sare, viatu na madaftari hununuliwa na wazazi. Kwa watoto wawili tuseme sare 70,000, viatu 40,000, madaftari na kalamu 30,000: jumla shs. 140,000. Hii haimo katika ile 540,000, wala isichanganywe nayo. Vinunuliwe Novemba, kabla ya tiketi, vifungwe sandukuni, na ufunguo abaki nao bibi anayelinda nyumba.