Grupu ni yetu, nyumba ni ya nani?

Wakaaji wa Manono wanaijua hadithi ya Piana-Mwanga. Wakati wa ukoloni, kampuni ya Géomines ilijenga bwawa hilo kwenye mto Luvua ili kulisha mgodi wa bati. Mji nao ukapata taa. Lakini umeme ulikuwa wa mgodi, si wa mji. Bei ya bati ilianguka katika miaka ya 1980, kisha vita ikafika. Mitambo ikanyamaza, watu wakabaki gizani.

Leo hadithi kama hiyo inaweza kurudi kwa njia ya simu. Toka Kalemie mpaka Moba na Uvira, watu wanakutana kwenye grupu za WhatsApp na kurasa za Facebook: bei ya mihogo, boti iliyochelewa, tangazo la kilio, habari za usalama. Grupu ni zao. Nyumba si yao.

Tarehe 4 mwezi wa kumi 2021, WhatsApp, Facebook na Instagram zilizimika dunia nzima kwa karibu saa sita. Kosa lilikuwa la ndani ya kampuni moja, maana zote tatu ni za mwenyeji mmoja. Hakuna msimamizi wa grupu, hata mwenye bidii namna gani, aliyeweza kufanya kitu.

Waliojenga nyumba yao

Kuna kundi moja ambalo liliamua kuwa na mlango wake. Linaitwa KDE. Lilianzia Ujerumani mwaka 1996, na leo watu wake wako pande nyingi za dunia, wengi wao wakijitolea. Wanatengeneza programu huria za kompyuta: kila mtu anaweza kuzitumia bila kulipa, kuangalia namna zilivyoandikwa ndani na kuzibadilisha. Vijana wanaopanga video pengine wanaijua Kdenlive, na wachoraji wanaijua Krita. Zote mbili zimetoka humo.

Watumiaji wa KDE walikuwa na chumba chao cha mazungumzo kwenye Reddit, mtandao wa kampuni ya Marekani. Mwaka 2023, Reddit ilitangaza kwamba programu za watu wengine zinazochota mazungumzo yake zitalipa. Mtengenezaji wa programu moja ya simu, Apollo, alipiga hesabu akakuta karibu dola milioni 20 kwa mwaka. Akaifunga mwisho wa mwezi wa sita.

Kuanzia tarehe 12 mwezi huo, maelfu ya vyumba vya Reddit vilifungwa na wasimamizi wao ili kulalamika. Wasimamizi hao wanafanya kazi bila mshahara. Kampuni iliwaonya: anayekataa kufungua anaweza kuondolewa, na mwingine kuwekwa pahali pake. Hapo watu waliona wazi kwamba kushika ufunguo wa chumba si kuwa mwenye nyumba.

Mwaka huo huo, KDE ilifungua jamii yake ya mazungumzo kwa kutumia Lemmy, nayo ni programu huria. Seva, yaani mashine inayotunza mazungumzo, iko chini ya KDE yenyewe. Kanuni pia. Chumba cha Reddit hakikufa, ila sasa si mlango wa pekee.

Shirikisho linatembea namna gani?

Mtu anaweza kuuliza: si ni kujifungia peke yao? Hapana. Tuchukue mfano wa simu. Mwenye laini ya Vodacom anamwita mwenye Airtel au Orange bila shida. Kampuni ni tofauti, lakini zinapatana. Kwa WhatsApp mambo ni tofauti: kwa kawaida, mwenye WhatsApp hawezi kumwandikia mtu aliye kwenye Telegram.

Lemmy inafuata njia ya laini za simu. Kila seva ina mwenyeji na kanuni zake, lakini zinaongea kwa lugha moja inayoitwa ActivityPub, iliyokubaliwa kama kanuni ya kimataifa mwaka 2018. Mtu aliyejiandikisha kwenye seva nyingine anaweza kuingia katika mazungumzo ya KDE bila kufungua akaunti mpya. Seva moja ikizimika, zingine zinaendelea. Seva moja ikijaza matusi, zingine zinaweza kuifungia mlango.

Mambo ambayo shirikisho haliwezi

Kwanza, haliponyi ukataji wa intaneti. Tarehe 31 mwezi wa kumi na mbili 2018, siku moja baada ya uchaguzi, intaneti ilikatwa Congo kwa karibu siku ishirini, na ujumbe mfupi wa simu pia. Siku kama zile, nyumba ya kampuni kubwa na nyumba ya jamii zote zinakuwa giza. Redio na mdomo wa mtu ndivyo vinabaki.

Pili, nyumba yako ina gharama zake: seva inalipiwa, fundi anahitajika, na umeme wa hapa unajulikana. Tena mtu lazima akae akisoma yale yanayoandikwa. Jimbo la Tanganyika limeona vita kati ya Watwa na Waluba. Kila mtu anajua uvumi mmoja unaweza kufanya nini. Ukiwa mwenye nyumba, huwezi kusema kosa ni la kampuni ya ng'ambo.

Tatu, mazungumzo ya Lemmy yako wazi. Siri za mtu si za kupeleka huko.

Kwa hiyo swali si kuacha WhatsApp kesho asubuhi. Swali ni hili: ikifunga leo, ushirika wa wavuvi, chama cha wazazi au kikundi cha akiba kitakutana wapi? Kuna kazi ambazo hazidai seva: kuweka wasimamizi zaidi ya mmoja, kuandika namba za wanamemba kwenye daftari, kutunza karatasi za chama nje ya simu ya mtu mmoja. Na kwa vyuo na vyama vyenye mafundi, njia ya KDE iko wazi, Lemmy hainunuliwi.

Taa za Manono hazikuzimika juu ya watu wa mji kukosa akili. Zilizimika juu ya swichi kuwa mkononi mwa mwingine.