Damu ya mtoto wa Bariadi nayo ina haki

Makamanda, mimi nimekulia Bariadi. Mtoto akilia usiku kucha mifupa inamuuma, jirani anasema karogwa. Kumbe wengine ni selimundu, na Kanda ya Ziwa tunayo kwa wingi.

Pale Muhimbili, tangu 2004, Profesa Julie Makani na wenzake, madaktari na watafiti wa vinasaba, wanauchunguza ugonjwa huu. Baba na mama wakiwa wote wamebeba kinasaba chake, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 mtoto kuumwa. Tone la damu linatosha kumgundua mapema, na dawa ya haidroksiyurea hupunguza maumivu.

Sasa kwa nini maarifa haya yachelewe kufika Itilima na Meatu? Ibara ya 14 ya Katiba inampa kila mtu haki ya kuishi na maisha yake kuhifadhiwa. Haikusema wa Upanga tu!

Tunadai kila mtoto anayezaliwa Simiyu apimwe, na dawa ifike kituo cha afya cha kata. Mgombea akija na kofia na kanga, muulizeni hilo kwanza.