VIUMBE VYA KWETU: Ninga wa Pemba



Jina la ninga wengi wetu tumelizoea katika taarabu, mpenzi anaposifiwa kwa jina la ndege huyo. Ama ninga wa Pemba ni ndege hasa, na Mwenyezi Mungu hakumjaalia makazi penginepo duniani ila kisiwani humo.

Yeye ni wa jamii ya njiwa. Mgongo wake ni wa kijani, kichwa na kifua ni vya kijivu, begani ana baka la zambarau, na mbawa zake zina ukingo wa manjano. Juu ya uzuri wote huo ni taabu kumwona, kwani rangi yake hupotelea majanini. Sauti yake ni kama mbinja. Chakula chake ni matunda, na aghalabu huyala huko huko juu mtini. Mkuyu ukiiva, kwake ni karamu.

Tufani ya mwaka 1872 iliangusha mikarafuu ya Unguja, na Pemba ikashika usukani wa biashara ya karafuu. Misitu ikafyekwa kupisha mashamba. Leo msitu mkubwa uliosalia ni Ngezi, kaskazini magharibi ya kisiwa, nao ni mdogo. Ninga amesalimika kwa kuwa hula pia katika miti iliyomo mashambani mwa watu. Hata hivyo miti hiyo inapungua, naye huwindwa kwa kitoweo, hata wataalamu wamemwandika miongoni mwa ndege walio hatarini kutoweka.

Hapo ndipo jambo hili linapotufikia sisi tulio mbali. Wako kati yetu walioachiwa mashamba na wazee wao, na ndugu hupiga simu kuomba ruhusa ya kukata mti. Mkuyu hauna tunda la kupeleka sokoni, basi ni mwepesi kuuruhusu uanguke.

Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu, mnyama au ndege, huandikiwa sadaka. Basi kabla ya kujibu, tuulize ni mti gani, na nani anakula humo. Tukiruhusu mmoja ukatwe, tuagize mwingine wa matunda upandwe. Na vijana wetu waendapo likizo, tuwausie wamtazame ninga, wasimrushie manati.

Sadaka hii haihitaji hundi wala mtu wa kuichukua. Yatosha neno moja katika simu.