Acheni Kutuuzia Sufuria Nyeusi

Ukiingia kwenye duka la vyombo vya umeme Tarime mjini au Sirari na kuulizia jiko la presha la umeme, muuzaji haanzi na nyaya wala vitufe. Anafungua mfuniko, anainua sufuria ya ndani na kukuonyesha. Nyeusi tii, laini, inang'aa. "Hii ni nonstiki mama, haishiki kabisa." Mteja anapitisha kidole, anaridhika, anahesabu hela. Imani imeshaota mizizi kwamba sufuria nyeusi ndiyo ya kisasa, na kwamba ile ya stenlesi isiyopakwa kitu ni ya kizamani, hununuliwa na mtu asiyejua vyombo.

Nasema imani hiyo ni potofu. Kwa mpishi wa kata ya Gorong'a, huku kwetu Tarime, anayebeba jiko lake kutoka mjini hadi kijijini na kulitegemea kwa miaka, inamwingizia hasara ambayo muuzaji hatakuwepo kuiona.

Tuanze na chakula, maana jiko hununuliwa kwa ajili ya chakula. Huku kwetu presha ya umeme inapika nini? Maharage. Makande. Kongoro. Utumbo. Nyama ya dume lililozeekea kwenye plau, ambayo kwenye mafiga inakula kuni kuanzia mchana hadi jioni. Hapo ndipo jiko hili linapoonyesha thamani yake, na sababu yake ni ya kijiografia. Nyanda za Tarime ziko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na kwa mwinuko huo maji huchemka yakifika kama nyuzi 95 tu. Ndiyo maana maharage yaleyale yanayoiva upesi Tanga yanakusumbua hapa. Presha hufungia mvuke ndani na kulipandisha joto hadi kwenye nyuzi 115 hivi, na punje inakubali.

Sasa vitazame vyakula hivyo tena. Vyote ni vya maji. Maharage yanaelea kwenye mchuzi wake, kongoro linaogelea kwenye supu. Chakula chenye maji ya kutosha hakigandi kwenye sufuria, iwe nyeusi, nyeupe au ya udongo. Ule utando mweusi unaosifiwa dukani unatibu ugonjwa ambao chakula chetu hakina.

Atatokea mtu aseme: na ugali je? Ugali si unashika? Unashika, tena wa mtama na muhogo unashika kuliko wa sembe. Lakini aliyewahi kujaribu kusonga ugali ndani ya jiko la presha anajua kinachotokea. Sufuria ya ndani haina mikono ya kushikia. Imekalia sahani ya moto bila kufungwa na chochote, na ukikandamiza mwiko inazunguka pamoja na ugali. Unaishika kwa kitambaa, inakuunguza, na bado inazunguka. Mwisho ugali unasongwa kwenye sufuria yake ya kawaida, kwenye mkaa, gesi au kuni, na presha inabaki na kazi ya mboga. Kwa hiyo chakula kimoja ambacho kingeutetea utando mweusi ndicho kisichopikwa humo. Wali nao huacha ukoko kidogo kwenye stenlesi. Mimina maji ya uvuguvugu, acha wakati mnakula, utatoka wenyewe. Na nyumba nyingi ukoko huo hugombewa.

Tuje kwenye kuosha, kwa sababu hapo ndipo sufuria nyeusi inapokufa. Huoshwa na nani? Mara nyingi na mtoto aliyetoka shule, kwa maji yaliyochotwa mbali, kwa majivu au mchanga au stiliwaya, kama alivyofundishwa na bibi yake kuosha sufuria nyingine zote. Supu hupakuliwa kwa upawa wa chuma. Jioni sufuria hupangwa kwenye kichanja, moja ndani ya nyingine. Utando wa nonstiki haukutengenezwa kwa maisha hayo. Unataka sponji laini, mwiko wa mti peke yake, na usipangiwe chombo kingine ndani. Mkwaruzo wa kwanza hauonekani sana. Wa pili unafungua njia. Kisha maji na chumvi vinapenya chini ya utando, unaanza kubanduka vipandevipande, na siku moja mtu anatoa kipande cheusi mdomoni akidhani ni ganda la maharage.

Nimewasikia wataalamu wakijibu kwamba basi wanawake waelimishwe namna ya kuosha. Jibu hilo linanikera. Mama wa Gorong'a anajua kuosha vyombo. Ameosha tangu utoto na sufuria zake za zamani bado zipo jikoni. Jiko hili lililetwa kwake kwa ahadi ya kumpunguzia kazi. Halafu tumkabidhi chombo kinachodai uangalizi wa kikombe cha kaure, na kikiharibika tumlaumu yeye? Anayepaswa kuelimishwa ni anayechagua bidhaa za kuagiza.

Na kuna magadi, jambo ambalo sijaona likielezwa kwenye karatasi ya maelekezo. Wapishi wengi hutia magadi kwenye makande na maharage ili yaive haraka. Chini ya utando mweusi sufuria karibu zote ni za alumini, na magadi hula alumini. Yeyote aliyepikia magadi kwenye sufuria ya alumini ameona jinsi inavyogeuka nyeusi na kufanya vidonda vidogo. Utando ukiwa mzima unaikinga. Ukikwaruzika, magadi hupata mahali pa kuanzia, alumini hulika kutoka chini, na utando uliobaki hukosa pa kushikilia. Stenlesi haijali magadi, wala nyanya, wala ndimu, wala ukwaju. Kwa hakika kwenye presha magadi hayahitajiki tena, na kuyaacha ni faida, kwa sababu huharibu vitamini B1 iliyo kwenye maharage. Ila mazoea ya jikoni hayaishi kwa siku moja, na sufuria inunuliwe kwa mpishi aliyepo.

Hapa lazima niwe mkweli hata kwa wanaoniunga mkono. Wapo wanaoikataa sufuria nyeusi kwa sababu isiyo sahihi: wanasema inaleta saratani mara tu unapoipikia. Kemikali ya utando huo, iliyogunduliwa na Roy Plunkett wa kampuni ya DuPont mwaka 1938 na kujulikana kwa jina la Teflon, huanza kuharibika kwa joto ikipita nyuzi 260. Ndani ya presha yenye maji hatufiki hata nusu yake. Kipande ukikimeza hupita tumboni bila kuyeyushwa. Kemikali iliyothibitika kuwa na madhara ni PFOA, iliyokuwa ikitumika viwandani kutengenezea utando huo, na mwaka 2019 Mkataba wa Stockholm uliiweka kwenye orodha ya kemikali za kutokomezwa duniani. Kwa hiyo tusitishane. Hoja yangu ni uimara na fedha ya mnunuzi, nayo inatosha. Zile za seramiki, za rangi ya kijivu au maziwa, zisikudanganye pia: ni utando vilevile, na utelezi wake huisha mapema.

Stenlesi ina udhaifu wake. Alumini hupitisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stenlesi, na sufuria nyembamba ya stenlesi tupu huunguza katikati, pale moto unapopiga. Uji mzito utashika. Kitunguu ukikikaanga bila kukoroga kitaungua, na jiko likihisi joto limezidi linaweza kujizima kabla presha haijapanda. Dawa yake ilishapatikana zamani: kitako chenye tabaka tatu, stenlesi juu, alumini katikati, stenlesi chini. Alumini inasambaza joto, stenlesi inapambana na stiliwaya. Kigeuze kitako ukitazame kwa ubavu. Tabaka hizo huonekana kama kisahani kinene kilichobandikwa chini ya sufuria. Isiyo na kitako cha namna hiyo irudishe. Usitegemee sumaku wanayokuonyesha baadhi ya wauzaji, wakisema ikinata ni feki na isiponata ni halisi. Zipo stenlesi hafifu ambazo hazinati, na zipo sufuria nzuri ambazo kitako chake kinanata.

Imani nyingine inayotembea pamoja na hii ni kwamba sufuria ni sufuria, ikiharibika utatafuta nyingine ya lita 6 uichomeke. Hapana. Ndani ya jiko kuna sahani ya moto, mara nyingi imebinuka kidogo juu, na katikati yake kuna kitufe chenye springi kinachopima joto la kitako. Sufuria isiyolingana na mbinuko huo inakaa ikining'inia. Joto halipiti sawasawa na kipimo kinasoma uongo. Juu nako, mpira wa mfuniko unabana kwenye ukingo wa sufuria. Ukingo ukiwa chini kwa milimita chache tu mvuke unatoka pembeni na jiko halipandi presha. Ukiwa juu mfuniko haujifungi. Lita zilizoandikwa kwenye boksi hazikwambii lolote kati ya hayo. Sufuria ya akiba iwe ya kampuni ileile na modeli ileile, na ijaribiwe kwenye jiko lako kabla hujalipa.

Wengine wakiikosa humwendea fundi wa kusubu awamiminie ya alumini chakavu. Tafadhali msifanye hivyo. Watafiti waliopima vyombo vya alumini vya kusubu kutoka nchi kumi, Tanzania na Kenya zikiwemo, walichapisha matokeo yao mwaka 2017: baadhi vilitoa madini ya risasi vilipojaribiwa. Risasi hudumaza akili ya mtoto, na hakuna kiwango chake kinachojulikana kuwa salama.

Kwa nini nahangaika hivi na sufuria? Kwa sababu Mei 2024 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Naunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Vijiji vyetu vinapakana na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, ambako kuokota kuni ni kosa, na nje ya mpaka miti inazidi kupungua. Mteja mdogo wa TANESCO aliye kwenye kundi la D1 hupewa uniti 75 za kwanza za mwezi kwa shilingi 100 kila moja kabla ya kodi na tozo, na chungu cha maharage kwenye presha hakifikishi uniti moja. Anayesema umeme ni ghali kuliko mkaa hajapiga hesabu ya maharage.

Lakini hesabu hiyo yote inasimama juu ya sufuria. Umeme upo, sahani ya moto ni nzima, vitufe vinawaka. Sufuria imebanduka, watoto wanakataa chakula chenye magamba meusi, ya kubadilisha haipatikani hadi Mwanza, na jiko linahamia juu ya kabati. Mama anarudi kwenye mafiga. Kwenye takwimu za mkakati kaya yake bado inahesabiwa kuwa imefikiwa.

Ndiyo maana nawaomba wanaonunua majiko haya kwa wingi, wawe Wakala wa Nishati Vijijini, TANESCO, halmashauri zetu za Tarime na Serengeti au wafadhili wanaogawa kwa vikundi vya akina mama, waandike kwenye zabuni zao maneno machache: sufuria ya ndani ya stenlesi, kitako cha tabaka tatu, na sufuria ya akiba pamoja na mpira wa akiba vipatikane wilayani. Bei itapanda kidogo. Ipande. Jiko la bei nafuu linalokaa kabatini limemgharimu mlipa kodi fedha yote.

Na wewe unayekwenda dukani Jumamosi hii, muuzaji akikuonyesha nyeusi mwambie akuletee ya stenlesi. Akisema hana, mwulize kama ya modeli hiyo inauzwa peke yake, na uifanye iwe sharti la kununua jiko. Ikalishe kwenye sahani ya moto uone kama inatulia bila kucheza, zungusha mfuniko uone kama unajifunga, pitisha kidole ukingoni kote kutafuta mbonyeo. Kama hakuna duka lenye stenlesi, hela yako ibaki mfukoni hadi mzigo mwingine uingie. Wafanyabiashara wa Sirari huagiza kile kinachoulizwa, na kwa muda mrefu tumekuwa tukiwauliza kitu kisichotufaa.