Uwanja Wenje? Sawa, lakini msiuweke juu ya malka

Uchaguzi wa 2027 unanukia, na ukinukia hivi ahadi za viwanja vya michezo hutoka kama kumbikumbi baada ya mvua. Wenje haitasahaulika. Iko barabarani kati ya Hola na Garsen, vijana wapo, mpira unapendwa. Basi tuongee mapema, kabla mtu hajaleta tingatinga.

Mimi nautaka uwanja. Wanaosema "jengeni zahanati kwanza" nawaelewa, lakini Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi zote mbili, afya na viwanja vya michezo. Kwa hivyo tukiomba uwanja hatuombi hisani ya mheshimiwa.

Na pesa za michezo zipo, bana. Kuna Hazina ya Michezo, Sanaa na Maendeleo ya Jamii, ambayo inalishwa na kodi za kamari. Kijana wa Wenje akibeti hamsini zake Jumamosi, ameshachangia. Hazina hiyo hiyo ndiyo inategemewa kulipa deni la uwanja wa Talanta kule Nairobi, bondi ya karibu Sh45 bilioni iliyofika soko la hisa mwaka 2025. Talanta ni wa watu 60,000. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 315,943 Tana River nzima, kumaanisha karibu mmoja kati ya kila watano wetu angepata kiti. Ila nani atatoa nauli ya kufika Nairobi?

Sasa swali gumu: uwekwe wapi?

Mwanasiasa atataka karibu na mto, mahali tambarare, penye nyasi, panapopendeza kwenye picha. Lakini Mto Tana hausomi ramani ya kontrakta. Ulifurika 2018, ukafurika mwishoni mwa 2023, ukarudi tena 2024. Ukimwaga mamilioni kwenye jukwaa la bondeni, umejengea viboko.

Tena bondeni si mahali patupu. Kuna mashamba ya Wapokomo, mahindi, ndizi, maembe. Halafu kuna malka. Kwa ambaye hajafika kwetu, malka ni njia ambayo mifugo ya Waorma na Wawardei hupitia kwenda kunywa maji mtoni. Wakati wa mvua unaweza kupita hapo usione hata ng'ombe mmoja, ukadhani ni kichaka cha bure. Ngoja kiangazi. Ukiwa umeziba njia hiyo kwa ukuta na geti, ng'ombe watapitia wapi? Watapitia kwenye mahindi ya mtu. Na huo mchezo tunaujua unavyoisha. Mwaka 2012 hadi 2013 zaidi ya watu 100 waliuawa kwenye mapigano ya Tana Delta, na ugomvi wa malisho, mashamba na maji ulikuwa ndani yake. Sitaki jina la uwanja liingie kwenye orodha ya sababu.

Ndiyo maana nasema upelekwe juu, upande wa barabara, mbali na maji, na wazee wa pande zote watembee eneo lile kwa miguu kabla ya mchoro kutolewa. Wafanye hivyo wakati wa kiangazi, si Mei. Na kipande hicho kisajiliwe. Ardhi ya jamii isiyosajiliwa inashikiliwa na kaunti kwa niaba ya wenyewe, na uwanja usio na karatasi ni rahisi sana kugeuka ploti za watu fulani.

Kuna wale watakaosema tujenge kikubwa, biashara zitafuata. Hiyo hadithi hata Marekani inauzwa. Mwaka 2023 jimbo la Nevada lilikubali kutoa hadi dola milioni 380 za umma ili timu ya besiboli ya Oakland ihamie Las Vegas, na maneno yalikuwa yale yale, ajira na wageni. Wachumi wengi waliochunguza viwanja vya aina hiyo wanasema faida kwa mlipa kodi huwa ndogo kuliko gharama. Hao wana ligi ya mabilioni na bado hesabu inawasumbua. Sisi tutajaza viti 10,000 kwa mechi gani?

Cha Wenje kiwe kidogo: eneo lililosawazishwa, mitaro, kisima, vyoo, kivuli, goli zenye nyavu, na sehemu ya voliboli ambapo wasichana hawatafukuzwa saa kumi na moja mabrathe wakifika. Pesa zikibaki, fanyeni kingine kama hicho kijiji kinachofuata.

Kaunti hutakiwa kuwasilisha mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kabla ya Septemba 1, na umma una haki ya kutoa maoni. Mikutano hiyo mara nyingi tunawaachia wazee na wale wanaofuata soda. Safari hii twende, tumuulize MCA maswali mawili: uwanja umeandikwa ukurasa wa ngapi, na ng'ombe watapita wapi?